Usisimame kwa Jiwe la Eliya

Baba yangu mpendwa,

Nyumbani wazima, ila wiki hii usingizi umenikataa. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa najua ulipo barua haifiki.

Unakumbuka basi la serikali lilipoletwa jipya, nawe ukapewa uliendeshe? Nilikuwa darasa la pili. Wajawazito wakaacha kubebwa kwa machela hadi hospitali ya Kabanga. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, kwa hiyo kila msafiri aliweka jiwe lake kando ya barabara, akarudi ndani kuota moto. Ukifika kwenye kona yetu ulihesabu mawe, ukapiga honi mara moja kwa kila jiwe, na hukuondoka mpaka wenye mawe wote wapande. Bibi Nyamizi, jirani yetu, akichelewa ulimwambia, "Mama, jiwe lako limeamka kabla yako." Naye alikujibu, "Basi lipandishe hilo, mie nitafuata na mihogo."

Halafu vipuri vikakosekana. Wakaja wakubwa, wakasema serikali haifanyi tena biashara ya mabasi. Ulilipeleka Kasulu mwenyewe, ukakabidhi funguo. Baadaye nililiona pale halina matairi, majani yameota mpaka kwenye usukani. Mwaka haukuisha tukakuzika.

Sasa nisikilize. Mjukuu wako Eliya ana miaka minne, hakukuona kamwe. Jumatatu asubuhi, ukungu umeshuka, nilisikia honi. Mara moja. Nikadhani ni lori la kambi ya wakimbizi. Kutoka nje, barabara tupu, vumbi limetulia. Pembeni kulikuwa na jiwe moja, na Eliya amesimama karibu yake, amevaa shati lake la kanisani.

"Nani kakufundisha kuweka jiwe?"

"Babu. Kasema nitakaa mbele, karibu naye."

Nikalitupa bondeni. Jana asubuhi kulikuwa na jingine, na honi ikalia tena, karibu zaidi. Bibi Nyamizi naye aliisikia. Alifunga mlango wake.

Baba, sikukasirikii. Kazi ile uliipenda, na hukuzoea kumwacha mtu njiani. Lakini huyu si abiria wako. Nilimzaa kwa shida, na sina mwingine. Nashinda nimemfunga mgongoni kwa kitenge, mtoto mkubwa hivi, kiuno kinaniuma na simshushi. Ukimwona pale kwenye kona usipunguze mwendo. Mpite, hata akikupungia mkono. Hata akilia.

Pumzika sasa, baba.

Binti yako,
mama Eliya