Tundu Kwenye Taya Langu

Jumatatu, 3 Juni
Unga wa leo mgumu. Mabega yanauma. Chapati zimeisha kabla ya saa nne, maharage yamebaki nusu sufuria.

Mteja mmoja ameniudhi. Hapana, sikuudhika, niliumia. Kondakta wa gari za mjini, mtu wa kila siku hapa Rubona. Aliona barakoa yangu imelowa chini ya taya, upande wa kushoto. Akaweka kikombe chini taratibu, akasema amekumbuka jambo. Chai hakumaliza. Kesho atakwenda kwa yule mama wa upande wa pili wa barabara, kama walivyokwenda wengine. Simlaumu. Hata mimi nisingekula chapati ya mpishi anayetoka usaha usoni.

Corona ilikwisha zamani. Watu wote wamevua barakoa, nimebaki mimi.

Ijumaa, 7 Juni
Siku kumi na moja zimebaki. Daktari wa kurekebisha sura anatoka Kigali mara moja kwa mwezi, anafanyia kazi kliniki moja ya mjini Gisenyi. Mwaka jana alilikata hili tundu, akashona vizuri mno. Nilitembea uso wazi miezi mitatu. Nilijipaka hadi poda. Kisha likatoboka tena palepale. Safari hii amesema atakata kwa kina zaidi. Akate tu. Hata akifika kwenye mfupa, sawa.

Mume wangu Silasi, mvuvi, anasema hakuoa taya. Ahsante sana, Silasi. Lakini wewe si mteja, unakula bure.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya kanisa, Nyamyumba, kwenye chemchemi ya maji moto. Mama Furaha, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, ndiye aliyenifundisha mwaka juzi. Unachovya kitambaa, unakandamiza tayani mpaka machozi yatoke. Usaha unatiririka, kichwa kinakuwa chepesi. Sijakosa Jumapili hata moja. Watu wanatoka mbali kuoga pale, wenye migongo, wenye magoti. Mimi na taya langu.

Alhamisi, 13 Juni
Gego la chini kushoto limeamka. Liliwahi kunisumbua mwaka juzi, wiki nzima, likanyamaza lenyewe nikamshukuru Mungu. Leo fizi imevimba. Nikigusa kwa ulimi naona nyota.

Si sasa, jamani. Daktari akijua ataahirisha. Mwezi mwingine wa barakoa siuwezi. Nimemeza vidonge vilivyobaki Silasi alipochomwa na msumari. Sitamwambia mtu.

Jumamosi, 15 Juni
Shavu limejaa. Nimemwambia Silasi nimelalia vibaya. Amenitazama kama anavyomtazama mtu anayemuuzia wavu mbovu.

Marehemu mama, kule Karagwe tulikokuwa wakimbizi, alikuwa akisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimemkumbuka siku nzima. Sikumtii.

Jumanne, 18 Juni
Naandika kwa shida. Mdomo umejaa pamba.

Asubuhi uvimbe ulikuwa umepungua. Nikavaa barakoa mpya, nikaenda kliniki. Nikavalishwa gauni la kijani, nikalazwa. Akaja mtaalamu wa usingizi, akaniambia nifungue mdomo, anataka kuona koo tu. Sikuwa nimefikiria hilo. Watu wanaokata shavu, mdomo wanautakia nini? Nikafungua kidogo. Akaomba zaidi. Akaona fizi iliyovimba, akarudi nyuma, akamwita daktari.

Upasuaji ukasimama. Nililia. Nikamwambia daktari kwamba yeye ana sura nzuri, hawezi kujua. Alikubali maneno yangu yote, lakini kisu hakushika. Alionekana kujikasirikia mwenyewe. Akasema mwaka jana hakuniuliza habari za meno hata mara moja, na hilo ni kosa lake.

Akanipeleka mwenyewe chumba cha tatu, kwa daktari wa meno. Kijana wa Goma, mpole. Alichukua kijiti chembamba, laini, akakiingiza kwenye tundu la tayani. Kikaingia, kikaingia. Nilidhani kitatokea sikioni. Kisha akapiga picha ya eksirei, akanionyesha. Kile kijiti kilikuwa kimelala kama mstari mweupe, na ncha yake imefika kwenye mzizi wa gego. Palepale.

"Mama, hii kidonda haitoke kwa ngozi," akasema. "Iko inatoka kwa jino."

Lilikufa mwaka juzi, ndiyo maana lilinyamaza. Uchafu ukawa unatafuta pa kutokea. Akauliza kama nilikuwa naweka kitu cha moto usoni. Nikamweleza habari za Nyamyumba, kila Jumapili, kwa fahari kabisa. Akainama. Akasema joto huenda ndilo lililozidi kuuita usaha nje.

Akaling'oa.

Jumatano, 19 Juni
Hasira. Aibu. Miaka miwili nimejichimbia shimo usoni kwa mikono yangu, tena baada ya ibada. Nimemweleza Silasi yote, hata vidonge. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamrushia kijiko. Kisha mimi pia nikacheka, na pengo likauma.

Jumanne, 25 Juni
Kitambaa ninachofunikia tundu kikavu tangu Jumamosi. Nakikagua kila saa. Kikavu. Nimemwambia Mama Furaha kuhusu jino. Alijilaumu, siku ya pili akaniletea sambaza. Si kosa lake. Nimemwambia hivyo.

Jumatatu, 8 Julai
Tundu limefunga! Limeacha kishimo, ngozi imevutwa ndani kana kwamba mtu ameifunga kwa uzi. Silasi anasema yatosha, nisirudi kwenye kisu. Wengine watasema najisikia. Nataka shavu langu. Nina miaka hamsini na mbili na nalitaka, si dhambi.

Jumanne, 16 Julai
Imefanyika. Ganzi tu, macho wazi. Nusu saa. Nilisikia mkasi. Niliuogopa ule mkasi kuliko nilivyoogopa kung'olewa jino. Kabla ya kuanza daktari aliniuliza kuhusu meno mara tatu, akaangalia mwenyewe kwa tochi. Sikuficha kitu safari hii. Nilimwambia hadi lile linalosisimka nikinywa maji baridi.

Jumanne, 23 Julai
Nyuzi zimetolewa. Mstari mwembamba, mwekundu. Nimelala mchana, usingizi mzito. Sikujua kwamba nilikuwa nimechoka hivi.

Alhamisi, 1 Agosti
Siku ya kwanza bila barakoa. Nilijishika shavu kila mara, chapati mbili zikaungua.

Ziwa lilikuwa tulivu. Wateja wachache. Gari la saa mbili lilileta mama mmoja mgeni, mfanyabiashara, na mzigo wa vitenge. Akakaa meza ya karibu na jiko, pale ambapo watu walikuwa hawakai. Nikamwekea chapati na maharage. Akainua macho, akanitazama usoni. Nikasimama na sahani nyingine mkononi, nangoja.

"Mama," akasema, "iko pilipili?"

Iko. Nikampa.