Kisahani cha Zuhura

Jumanne, baada ya Isha

Kumbe mwanangu hana upele. Daktari wa Bagamoyo alimkagua Zuhura viganja na nyayo, akasema malengelenge haya huwapata watoto wadogo, hayaambukizi, na yataisha yenyewe akikua. Nilishusha pumzi, halafu hasira zikanipanda. Miezi yote ile nampaka dawa ya salfa mpaka ngozi inambabuka, nachemsha mashuka, na bado mama mkwe hakutaka ale nasi sinia moja!

Nilimweleza mama mkwe. Chakula kilipopakuliwa akamwita, "Njoo mjukuu wangu, tule."

Zuhura akamtazama. Akachukua kisahani chake, akaenda kukaa peke yake mlangoni, kama tulivyomzoesha.