Maji Niliyoyapulizia

Jumatano, baada ya isha

Wote wawili waliniuliza swali lilelile.

Nilisingizia kwamba naulizia rafiki. Athumani, karani wa mahakama, hakuinua hata uso kutoka kwenye chai yake: "Alijua? Kama alijua ana kifua kikuu na akaambukiza watu kwa uzembe, hiyo ni jela, Maalim."

Nikaenda kwa kadhi nikitumaini sharia itanihurumia. Akasema kumdhuru mwenzio ni haramu, na anayejua hana udhuru mbele ya Mungu. "Huyo rafiki yako alijua?"

Alijua. Daktari wa hospitali ya Parklands aliniambia mwezi uliopita, akanikataza kukaa karibu na watoto. Nami nimeendelea kusomesha watoto Kurani chuoni, na kuwasomea wagonjwa dua kwenye maji na kuyapulizia, wayanywe. Nani angemleta mtoto wake kwa mwalimu mwenye kifua kikuu?

Alasiri Bi Zuhura alikuja na binti yake, mwanafunzi wangu, na chupa ya maji. Mtoto anakohoa wiki ya pili sasa. Nikasoma dua, nikafunga chupa upesi.

"Maalim," akasema kwa adabu, "umesahau kupuliza."

Nikaifungua. Nikapuliza.