Kokwa Niliyoitia Kikombe cha Nasra

Dada Mwanaidi,

Binti yako Zuhura ameniandikia. Leo siku ya kumi na moja sijamjibu, mimi huyu Riziki uliyekuwa ukiniita redio isiyozimika. Ameuliza swali moja tu. Kabla sijamjibu yeye nina maneno na wewe, ijapokuwa umeshalala kaburini Tanga tangu kabla ya Ramadhani na hakuna tena wa kuniambia ninyamaze.

Unakikumbuka kile kitabu? Tulikuwa ghorofa ya saba, hoteli yetu ya Al Sadd hapa Doha, mgeni Mfaransa ameondoka kakiacha pembeni ya sinki, kimevishwa ukanda wa karatasi nyekundu. Tukakipeleka kwenye kabati la vitu vilivyosahauliwa, kikakaa miezi mwenyewe asikiulizie, na kwa utaratibu wa pale kikarudi kwa aliyekiokota, yaani wewe. "Nikifanye nini, Riziki? Nikitafune?" Tukampelekea Esperansi, Mrundi wetu wa kitanda cha dirishani, maana Kifaransa anakisoma. Akatwambia ukanda ule unasema kitabu kimepata tuzo ya huko Ufaransa ambayo waamuzi wake ni wanawake watupu. Zamani wanawake wa kule waliona wanaume wanatuzana wenyewe kwa wenyewe, wakasema haya, na sisi tutakaa kikao chetu, na mpaka leo wanakaa, miaka zaidi ya mia. Ukauliza kama mwanamume anaweza kuipata. Esperansi akasema anaweza, na wameipata wengi. "Ala! Kumbe hata huko wamejipenyeza!" Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Basi na sisi tukaanzisha chetu. Ijumaa zile tulizopangiwa kupumzika pamoja, baada ya chakula cha mchana, chumbani kwetu Abu Hamour, wanawake watano juu ya shuka lililotandikwa chini, tende na chai ya karak katikati. Wawili wanasoma walichoandika kwenye daftari, watatu wanaamua. Waandishi wakishamaliza wanatoka nje kukaa kwenye ngazi, sisi tunabishana, kisha kila mwamuzi anaingia peke yake nyuma ya pazia la kitanda chako, kwenye vikombe viwili, kila mwandishi na chake, na kutia kokwa ya tende katika kimoja. Daftari la mshindi linavishwa ule ukanda mwekundu mpaka kikao kingine. Mchezo tu, lakini siku hizo nilikuwa naamka nina furaha, na furaha Doha hii unajua tulivyokuwa tukiitafuta.

Sheria niliiweka mimi. Nasra, yule binti wa Unguja, alisoma kisa cha mume anayempiga mkewe kwa kandambili, Akello wa Uganda akamuuliza papo hapo, "Ni mume wako?" Nasra akalia hadi tukaukunja mkutano. Nikasimama nikatangaza: ni marufuku kumuuliza mwandishi kama ni yeye. Tunahukumu hadithi, hatumhukumu mtu. Nikajitia na ujuzi, ati hata Ufaransa ndivyo wanavyofanya. Nani aliniambia? Ukaniinamishia kichwa, "Haya, mheshimiwa jaji."

Ikaja Ijumaa yako. Ulisoma polepole, kidole chini ya mstari. Mwanamke anasafisha vyumba katika mji wa ugenini. Kila akioga anagusa kitu kigumu chini ya kwapa, kama gololi. Hamwambii mtu, kwa sababu akienda kupimwa anaogopa atarudishwa kwao, na binti yake yuko kidato cha nne. Kila asubuhi anajiambia leo nitamwambia mwenzangu tunayefanya naye kazi, na kila asubuhi mwenzake anaongea mno hampi nafasi. Hapo hadithi ikakatika. Ukafunga daftari. Nasra akasoma yake, ya supavaiza aliyejifungia bafuni kwa mgeni, tukavunjika mbavu, nawe ulicheka.

Mkatoka. Nikaanza mimi, maana nilikuwa naanza siku zote. Nikasema huyu mama haaminiki. Mtu mzima, ana uvimbe, hospitali ziko, asiende kwa nini? Msomaji atakereka. Na mwisho uko wapi? Esperansi alikutetea, akasema yeye imemkaa kifuani. Akello akasema bora kicheko. Wakaingia mmoja mmoja kutia kokwa. Mimi nikawa wa mwisho, na nilipofungua pazia kila kikombe kilikuwa na kokwa moja.

Nikaitia yangu kwa Nasra.

Mliporudi nikakusomea makosa yako, la kwanza, la pili. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukaniuliza taratibu, "Sasa wewe unaona afanye nini, huyu mama?"

Nikakujibu, "Hiyo kazi ya mwandishi, dada."

Mungu wangu.

Hao wengine wanajitetea mpaka leo kwamba hawakujua. Mimi siwezi. Nilikuwa natandika vitanda nawe kila siku, wewe upande huu, mimi upande ule, na kwa wiki nyingi nilikuwa naona unanyanyua godoro kwa mkono wa kushoto. Nilikuuliza siku moja, ukasema umelalia vibaya, nikakubali upesi kwa kuwa nilitaka kukubali. Ulipofika kwenye ile gololi nilijua. Mwenzake aongeaye mno nilimjua pia. Nikaona ukishinda tutakaa kuijadili, na tukiijadili itakuwa kweli, na ikiwa kweli utaondoka na mimi nitabaki na chumba hiki bila wewe. Nikajificha nyuma ya sheria yangu. Nilikuwa muoga, dada, hakuna jina jingine.

Miezi minne baadaye ukashindwa kuvaa sare. Daktari akauliza umekaa nayo muda gani, ukasema hukumbuki, na mimi niliyekusindikiza nikatazama viatu vyangu. Ulivyoondoka uwanja wa ndege kurudi Tanga na kale kamkoba ka bluu, ulinipungia kwa mkono wa kushoto. Binti yako hukumuona akimaliza mitihani. Siku hizi kitandani kwako analala mgeni, ana adabu, anatwanga kitunguu saumu kama wewe, na mimi simpendi bila kosa lolote. Vikao vimekufa. Nasra aliniomba tuvirudishe, nikamfokea.

Sasa huyu Zuhura. Ameandika hivi: "Mamdogo Riziki, mama alipokuwa mgonjwa alinisimulia lile shindano lenu. Alisema hadithi yake ya mama mwenye gololi ilishinda, na kura iliyomshindisha ilikuwa yako. Alikuwa anaisema kila mtu akija kumuona. Ni kweli?"

Nimelisoma swali hilo mpaka simu imeisha chaji. Ulimdanganya mtoto ili akukumbuke mshindi? Au ulijua kokwa ile iliyokuangusha ni ya nani, ukaamua kunisitiri mbele ya mwanao? Hata sasa sheria yangu inaniziba mdomo, siwezi kukuuliza. Ningeweza kumwandikia "ndiyo" na yakaisha. Nimeliandika mara tatu nikalifuta, kwa sababu atakua akiamini kwamba mama yake alisikika, na anayepaswa kujua kwamba hakusikika ni yeye, asije akanyamaza siku akiwa na lake.

Kwa hiyo barua hii naiacha wazi na yeye ndiye ninayemtumia. Jibu lake liko hapa: hapana, Zuhura, kura yangu sikumpa mama yako. Nilielewa alichokuwa akiniambia, nikampa mwingine.

Pumzika, dada yangu. Msamaha sikuombi, kwa kuwa nakujua, ungenipa hata kabla sijamaliza sentensi.

Mdogo wako wa kitanda cha juu,
Riziki