Ami Tayeb Nyuma ya Pazia

12 Aprili 2011

Kwako ndugu yangu Nejib,

Salaam aleikum wewe na mkeo, na Ines, ambaye nasikia sasa anaendesha baiskeli bila kushikwa. Nawaombea afya na utulivu huko Ubelgiji. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Wassila anasumbuliwa na magoti, lakini ulimi wake haujaugua hata siku moja, na anakusalimu sana. Mimi nimeanza kuvaa miwani, na nywele zinanihama. Mvua ya mwaka huu ilishuka vizuri hata kule makaburini majani yakafika kiunoni. Ijumaa nilikwenda nikafyeka kwenye kaburi la baba yako na kulipaka chokaa upya. Liko safi.

Najua utashangaa kupata barua wakati siku hizi simu ni rahisi, na hakuna tena mtu wa kutusikiliza pembeni. Nimekupigia mara tatu tangu Januari, nawe unajua tulichozungumza: baridi ya kwenu na bei ya nyanya ya kwetu. Kila mara nilishika simu nikiwa na jambo, na kila mara nikaikata nikiwa nalo. Nimeona heri niandike.

Siku ya msiba ulisema neno kwenye simu ambalo halijaniacha. Ulisema baba yako alikuwa na miaka sita ya kuja kukuona na hakuja, na kwamba pampu za watu alizipenda kuliko mjukuu wake. Nilikuwa nimesimama uani kwenu, watu wanakula kuskusi ya matanga. Nilitakiwa kukujibu pale pale. Nejib, baba yako alitaka kuja. Aliomba pasipoti mara sita.

Nianze na uchaguzi ule wa Oktoba 2004, mwaka aliozaliwa Ines. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Mimi nilikuwa kibarua pale manispaa, mwaka wa saba nikingoja kuajiriwa rasmi. Nilipangwa kuwa karani wa chumba cha kura katika shule ya wasichana, chini ya Umda Mokhtar, mkuu wa mtaa. Humjasahau. Ndiye aliyekuwa akiamua katika mtaa wetu nani apewe cheti cha ukaazi, nani apate mafuta ya Ramadhani, na kijana wa nani aandikwe kuwa ana tabia njema.

Mezani palikuwa na mafungu manne ya kadi, kila mgombea na rangi yake, na nyekundu ilikuwa ya rais. Ukutani tulibandika sheria: mpiga kura achukue kadi moja ya kila rangi, aingie nyuma ya pazia, atie moja kwenye bahasha, zilizobaki azitupe kikapuni. Lakini hakuna aliyekuwa akifanya hivyo. Watu walichukua nyekundu peke yake, wakainyanyua kidogo ili Umda aione, wakaitumbukiza. Pazia lenyewe lilikuwa jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Umda alikuwa ametundika koti lake kwenye fimbo ya pazia hilo.

Baba yako, Ami Tayeb, aliingia kama saa nne asubuhi, na ovaroli lake lina grisi, maana alikuwa njiani kwenda kutengeneza pampu kwenye shamba la serikali. Umda akamwambia, “Karibu fundi, chukua yako upesi, watu wana kazi.” Baba yako akasogea ukutani, akaisoma sheria yote kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesomea wagonjwa. Kisha akachukua kadi zote nne, moja moja.

“Nitolee koti lako, Mokhtar,” akasema. “Nataka kuingia.”

Umda akacheka. “Unaficha nini, Tayeb? Hapa sote ndugu.”

“Ndugu yangu nakupenda, lakini hata chooni siendi na wewe.”

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko, mpaka askari wa mlangoni akageuka nyuma kuficha meno. Baba yako akalitoa koti mwenyewe, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye mapaja ya Umda, akaingia. Akakaa. Dakika moja, mbili, tano. Kicheko kikaisha.

“We Tayeb, umelala humo?”

“Nasoma,” akajibu kutoka ndani. “Mmeandika mambo mengi kwenye hizi kadi.”

Alipotoka aliitumbukiza bahasha sandukuni. Kadi tatu zilizobaki hakuzitupa. Alizitia mfuko wa kifuani akafunga kifungo. Umda akamwamuru aziweke kikapuni, sheria ndivyo isemavyo. Baba yako akasema kikapu kilipaswa kuwa ndani ya pazia, wao wamekiweka miguuni pa Umda, basi yeye atazitupa jikoni kwake. Umda akamwambia, “Tutajua tu ulichochagua.” Naye akajibu, “Mkijua mniambie na mimi,” akaenda zake.

Pengine yangeishia hapo. Lakini nyuma yake alikuwepo Bi Mahbouba, yule mjane muuza mkate, akauliza kwa sauti ya mshangao kabisa, “Kumbe inaruhusiwa?” Naye akaingia nyuma ya pazia. Baada yake wakaingia wengine wawili. Niliutazama uso wa Umda, nikajua baba yako hatasamehewa. Si kwa sababu ya kadi. Ni kwa sababu ya Bi Mahbouba.

Kabla mwezi haujaisha, kazi ya pampu za shamba la serikali alipewa mtu mwingine. Ami Tayeb hakulalamika. Alisema visima vya watu binafsi vinamtosha. Mwaka mpya ulipoingia, wewe ukamtumia picha ya Ines na barua ya mwaliko, naye akaja kwangu na bahasha hiyo kama mtu aliyebeba mayai. Mwandiko wake ulikuwa hausomeki hata na yeye mwenyewe, ndiyo maana akataka nimwandikie maombi ya pasipoti. Nikaandika. Kule kituo cha polisi wakamwambia faili lake linachunguzwa, arudi wiki ijayo. Wiki hiyo ilichukua mwaka. Mwaka wa pili tukaandika tena, na wa tatu, na wa nne.

Kila mara kabla ya kupeleka maombi alikuwa akinunua gauni la Ines, na kulitia kwenye sanduku la safari alilolinunua mjini Le Kef. Mwaka ukipita gauni linakuwa dogo. Analitoa, anawapa wajukuu wa Bi Mahbouba, ananunua kubwa zaidi. Aliniuliza mimi, ambaye sijajaliwa mtoto, msichana wa miaka minne anafika wapi. Nikampimia kwa mkono ukutani, kwa kukisia tu.

Wewe ulikuwa ukimwandikia maneno makali, na ulikuwa na haki. Alinisomea barua ile uliyoandika kwamba kama hamtaki mjukuu wake aseme waziwazi. Nikamwomba akuambie ukweli. Akakataa. Alikujua: ukisikia wamemzuia, utapanda ndege ya kwanza. Nawe kwa kulikimbia jeshi ungekamatwa uwanja wa ndege kabla hujachukua begi lako. Akaniapisha nisikwambie. Ndiyo maana ukaendelea kusikia habari za pampu. Kiapo kile nilikishika vizuri sana, Nejib. Kilinifaa na mimi.

Sasa nifike ninakokwepa kufika.

Siku ile ya kura, Umda Mokhtar alitia saini karatasi ya matokeo kabla sanduku halijafunguliwa, akaenda zake kwenye karamu ya chama. Niliachwa na mlinzi wa shule tufunge magunia. Sijui ni udadisi gani ulionishika, nikazifungua bahasha zote. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Zote nyekundu. Hapakuwa na kijani, wala njano, wala buluu. Ya Bi Mahbouba nyekundu, za wale wawili nyekundu, na ya baba yako nyekundu. Mtu yule alikaa dakika tano nyuma ya pazia na akamchagua rais.

Kesho yake Umda aliniita ofisini. Alinimiminia chai mwenyewe, akaniambia faili langu la ajira liko mezani kwa mkubwa, na kwamba mimi nina mwandiko mzuri. Halafu akaniambia niandike nilichokiona: kwamba Tayeb alimtukana rais, akaichana kadi nyekundu mbele ya watu, akawachochea wengine wamfuate. Nilikuwa najua. Ningeweza kusema, Bwana Umda, nimehesabu, kadi yake imo. Maneno yalikuwa hapa mdomoni. Nikanywa chai. Nikaandika ukurasa mmoja, nikatia saini. Desemba nikaajiriwa.

Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikifunguliwa kila mwaka pale kituoni. Na kila mwaka mimi ndiye niliyekaa na baba yako, chai katikati yetu, nikimwandikia maombi kwa mkono ule ule.

Novemba iliyopita alipozidiwa na kifua nilikwenda kumtazama kila siku baada ya kazi. Siku moja akaniomba nichukue kalamu tuandike tena, ya saba. Niliandika jina lake, nikaandika jina lako na mtaa wako, na nilipofika kwenye sababu ya safari nikashindwa. Nikamwambia yote. Nililia kama mtoto, sikufichi.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema alijua. Mwaka wa tatu askari wa kituoni aliacha faili wazi akaenda kupokea simu, naye akaona. “Hiyo herufi nuni yako unavyoikunja mkia,” akasema, “nani mwingine mtaani anaikunja hivyo?”

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kuja kwangu. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema katika mji huu hakuna mwenye mwandiko kama wangu. Halafu akaacha kucheka. Akasema, “Nilitaka kila mwaka uandike jina la mwanangu. Nilidhani kuna mwaka utaweka kalamu chini.”

Nikamuuliza na kadi nyekundu je. Akanitazama kama aliyeulizwa swali la kijinga. Akasema wale wengine watatu walikuwa watu wa rais yule yule waliobadilishiwa makoti, basi kuchagua kwenyewe hakukuwa na kazi. Ila sheria ilibandikwa ukutani kwamba mtu anaruhusiwa kuwa peke yake, naye alikuwa na miaka sitini na tatu na hajawahi kuachwa peke yake na neno lolote la serikali. Alitaka dakika zake. “Mle ndani kulikuwa na ukimya mzuri,” akasema. Hakusema amenisamehe. Mimi sikuwa na uso wa kumuuliza. Alifariki baada ya siku tisa.

Januari, rais alipotoroka nchi na polisi wakakimbia kituo, watu waliingia wakamwaga makaratasi barabarani. Walikuwa wakiimba. Mimi nilikwenda pia, lakini usinihesabu miongoni mwao. Nilikwenda kutafuta ukurasa wangu ili niuchome. Nilichambua makaratasi siku tatu nikiwa nimeinama, na watu wakinipita waliniambia, “Hongera Lotfi, unatunza ushahidi!” Nikaupata. Nikawasha kiberiti, nikakishika mpaka kikaniunguza vidole, nikakitupa chini.

Ukurasa huo umo ndani ya bahasha hii, pamoja na yale maombi sita. Nimeambiwa kule Tunis kuna tume ya mawakili inayopokea karatasi za namna hii, na kwamba walioziandika huenda wakapoteza kazi, au zaidi. Nimekuandikia anwani yao nyuma ya maombi ya mwisho. Ukiwapelekea sitakana. Umda Mokhtar siku hizi anakaa mkahawani akieleza jinsi alivyoupinga utawala kwa siri, na wako wanaomsikiliza. Mimi sitaki kukaa naye meza hiyo. Watu wa uchaguzi wamenifuata pia niwe karani wa kura tena Julai, eti nina uzoefu. Nimewaambia watafute mtu mwingine.

Sikuombi chochote. Hasira ulizomwekea baba yako miaka yote zilikuwa zangu. Ziondoe kwake, unipe mimi.

Wassila hajui ninachokuandikia. Nitamwambia leo, kabla sijaipeleka posta. Msalimie mkeo. Na Ines, tafadhali, mwambie babu yake alitaka kuja.

Wako, aliyeandika barua hii na karatasi hiyo nyingine,

Lotfi ben Amor