Amplifaya ya Babu Yako Kabla Haijapata Moto

Mume wangu Baraka,

Marahaba. Shikamoo yako imefika hapa Kimara, na sie hatujambo. Shangazi yako Rehema kajifungua mtoto wa kike, mpole kama wewe ulivyokuwa.

Umeniuliza kwa nini hiyo programu yako ya kompyuta, inayoiga amplifaya ya marehemu babu yako, hainigusi. Sauti ni yake, sikatai. Lakini umesema uliiwasha amplifaya yenyewe, ukangoja ipate moto, ndipo ukaipima sauti yake. Babu yako hakuwaga na subira hiyo.

Kule ukumbini Mtoni aliiwasha watu wakiingia, akaanza kupiga gitaa palepale. Vile vitaa vya ndani ya amplifaya vilikuwa ndiyo kwanza vinapata wekundu, na gitaa lilitokea mbali, kama mtu anayeamka usingizini. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa taratibu siku zote, na hakuna aliyeucheza, watu waliona aibu. Siku moja mie nikasimama peke yangu katikati ya ukumbi, nikacheza nimefumba macho. Kila nilipogeuka, sauti ilikuwa imesogea karibu zaidi. Nilipofumbua macho amplifaya ilikuwa imeshapata moto, na mpiga gitaa ananitazama.

Nadhani niliipenda ile sauti ingali njiani.

Basi izime, iache ipoe kabisa, kisha uichukue sauti yake tangu inapowaka. Ukimaliza nitumie. Viatu vyangu vya dansi nimeshavitoa uvunguni.

Mimi bibi yako,
Mama Rehema