Mayu, Kununa Kwangu Kulitoka Tumboni

Mayu wangu wa Bukene, shikamoo.

Najua marahaba yako sitaisikia, nimekuamkia hivyo hivyo kwa mazoea. Miaka kumi na sita nilikuita Mayu, neno lenu la mama, na mwanzoni lilinipa shida mdomoni kama kiatu cha kuazima. Leo mtu akiniuliza mama yangu ni nani, inabidi nifikirie nianze na yupi, aliyenizaa au mama wa mume wangu.

Nimekaa barazani hapa Tabora, kwenye cherehani, wateja hawajaanza kuja. Wiki iliyopita wifi yangu Kabula aliniambia jambo, na tangu siku hiyo nashona mikono ya magauni kinyume. Nitalifikia. Kwanza acha nianzie tulikotoka, maana wewe ulikuwa hupendi habari inayoanzia katikati.

Unakumbuka nilivyofika kwenu mara ya kwanza? Mwanao Masanja alinishusha kwenye treni na sanduku langu na viatu vya kisigino, vikazama mchangani hapo hapo stesheni. Masika ilikuwa imekolea, ng'ombe wameshiba, na kwenu mgeni wa heshima hapewi soda. Ulinikabidhi kibuyu kilichopambwa kwa shanga, ukaniambia hicho ni changu, kila mke aliyeolewa katika kaya ile ana chake. Kilikuwa kimejaa maziwa ya jioni ile, bado yana joto la ng'ombe. Mashemeji wote wakanikodolea macho. Nikanywa mpaka tone la mwisho, nawe kwa furaha ukaniongeza.

Sisi kwetu mjini maziwa ni ya kutia kwenye chai, tena kwa kubana. Kibuyu kizima sikuwahi kukinywa. Kulipokucha tumbo lilikuwa limewambwa kama ngoma, linanguruma, kichwa kizito, usingizi sikuuona. Nikasema ni uchovu wa safari. Asubuhi nikapewa kingine, jioni kingine, na ilipofika siku ya tatu nilikuwa mtu mwingine kabisa. Nilimjibu Masanja vibaya mbele ya baba yake mdogo. Nilimfokea Kabula kwa sababu ya ndoo, ndoo yenyewe haikuwa hata yangu. Nikaenda kukaa nyuma ya ghala nikilia bila sababu.

Ikawa hivyo kila masika. Naja nikiwa na furaha zangu, naondoka nimegombana na kaya nzima. Wakasema mke wa Masanja ana gubu. Wengine wakasema anajisikia, binti wa mjini, anawaona wenzake washamba. Na wewe, kadiri nilivyonuna ndivyo ulivyonijazia kibuyu, maana ulidhani bado sijajiona mtu wa nyumbani. Kukataa sikuthubutu. Nilivyoelewa mimi, mke aliyekataa maziwa ya kaya ameikataa kaya yenyewe.

Mwaka wa tano wazee wakakaa kikao. Masanja hakunieleza kilichosemwa, lakini nilijua mambo yameharibika kwa sababu aliacha kunitania. Habari ikanifikia kwa watoto: baba mdogo amesema mwanamke wa namna ile ni bora arudishwe kwao mapema. Nikaanza kupanga nguo zangu sandukuni. Na unajua kilichoniumiza zaidi? Niliwaamini. Niliamini kweli nina roho mbaya inayoamka kila nikishuka Bukene. Nilimpenda mwanao, nilikupenda wewe, na bado nilipokuwa kwenu sikuweza hata kutabasamu.

Siku iliyofuata kikao ukaniita tupete mchele. Ungo ulikuwa magotini mwako, macho yako kwenye ungo, ukaongea kama mtu anayehesabu chuya.

"Kiangazi unacheka, masika unanuna," ulisema. "Miaka mitano nakuangalia. Kiangazi ng'ombe wako mbali, maziwa hakuna. Mwanangu, wewe huna gubu, una tumbo."

Nilibisha. Nikasema maziwa hayawezi kumfanya mtu mzima amtukane wifi yake. Ukacheka, ukasema hata ndama akivimbiwa hupiga watu mateke na hakuna anayemwita mchawi. Ukanikumbusha kiangazi kilichopita, wiki mbili tulizokaa tukila matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa karanga, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaigiza wateja wangu wa mjini mpaka baba mdogo mwenyewe akashika mbavu. Nilipokumbuka hivyo nikaacha kubisha.

Ukanipa siku nne bila maziwa. Siku ya tatu niliamka nikiimba. Nikamwendea Kabula kumwomba radhi ya ile ndoo ya miaka yote ile, akanishika paji la uso akidhani nina homa.

Siku ya tano wakaja wageni, ndugu zenu kutoka Puge, na vibuyu vikatolewa. Changu nacho kikaja kimejaa pomoni kitu cheupe. Nilikutazama kwa hofu, Mayu, nikidhani umesahau. Ukanikonyeza. Kilichokuwamo ni uji mwembamba wa mchele, umeuchuja kwa kitambaa na kuupoza, na hata mwenye macho ya mwewe asingeutofautisha na maziwa. Nikanywa mbele yao wote mpaka mwisho. Baba mdogo akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema naona sasa mke wetu ametulia.

Habari ya kunirudisha kwetu ikafia hapo. Miaka kumi na moja ulinipikia uji ule, kila nilipokuja, ukiamka kabla ya watu ili usionekane ukiuchuja. Ndoa yangu imesimama juu ya uji, nami naisema leo bila aibu. Baadaye daktari mmoja hapa mjini alinieleza kwamba wako wengi ambao matumbo yao hayaiwezi sukari ya maziwa mabichi, na kwamba mtu asiyelala, anayeumwa chini kwa chini kutwa, hasira humkaa puani. Nikamwambia hilo nilishaambiwa na mama mkwe wangu tukipeta mchele.

Sasa niseme la Kabula.

Ulipokuwa ukija kwetu Tabora, nilikuwa naanza maandalizi siku mbili kabla. Nilitaka nikulipe heshima kwa heshima. Pilau yenye kila kiungo alichonifundisha mama, kachumbari ya pilipili mbuzi, achari, chai ya tangawizi kali na pilipili manga. Ulikula polepole, ukamaliza sahani, ukashukuru. Halafu ukabadilika. Ulikaa pembeni, ukawakaripia wajukuu kwa kelele ndogo, na siku ya pili ukaanza kuuliza treni inapita saa ngapi. Masanja alikusihi ukae walau wiki, ukasema ng'ombe watakuwa wamekumiss, kwa lile neno ulilolichukua kwa wajukuu, tukacheka ukaondoka. Mimi nilibaki na kinyongo kidogo. Nilidhani nyumba yangu hukuipenda. Na kwa kuwa niliona unakula polepole, nilidhani chakula hakijakolea, basi safari iliyofuata nikazidisha.

Kabula ameniambia ulikuwa na vidonda vya tumbo tangu ujana. Ameniambia ulikuwa ukirudi kutoka kwangu unaomba maziwa kabla hujaketi, na kwa siku tatu hutii kingine mdomoni. Alikuuliza kwa nini usiniambie. Ukamwambia: "Yule anapika kwa moyo. Nikimwambia, ataogopa kunipikia." Na ukamwapisha asiseme ukiwa hai.

Ametimiza. Mwaka mzima tangu tukuzike aliibeba siri hiyo, wiki iliyopita akaitua kwangu.

Mayu, wewe ulinitazama miaka mitano ukajua kinachoninunisha. Mimi nilikutazama kumi na sita, nikakuona umenuna, nikaongeza pilipili manga. Mimi, ambaye ulishanifundisha kwa mdomo wako kwamba uso wa mtu unaweza kukunjwa na alichokula! Somo nililichukua kwa ajili yangu tu, nikalikunja nikaliweka.

Nimekukasirikia pia, siku mbili hivi, nisikufiche. Kwa nini mimi niwe wa kutunzwa na wewe wa kuvumilia? Halafu hasira ikaisha, nikakuona tu umekaa kwenye kiti changu, mkono tumboni chini ya kanga, unasema ahsante mwanangu.

Kinachonitoa machozi si maumivu yako peke yake, ni zile siku. Kila mwaka ulitupa siku mbili. Nimeshaachana na kuuliza kama ulitupenda, jibu ninalo. Lakini ningekusongea ugali laini na mlenda, asubuhi uji, bila tangawizi wala pilipili. Ungekaa hapa barazani na mimi nashona, unawasema wateja wangu kwa Kisukuma mbele yao wakidhani unawasifu. Ungekaa mwezi, Mayu. Ungekaa hata masika nzima.

Pumzika. Unisamehe kila sahani uliyoimaliza.

Mkamwana wako,
Zuwena